Woshi si rangi nyeusi iliyotiwa maji

Juzi tena. Kijana mmoja wa hapa Mtwara kanitumia picha ya askari wake wa plastiki, kisanamu cha kupaka rangi, deraya (vazi lake la chuma) imejaa duara nyeusi kama bati lililovujiwa, na ujumbe: “Kaka, nimepiga woshi kama unavyosema, nyeusi na maji.” Sijawahi kusema hivyo, na bado kila mwezi nasingiziwa. Woshi ni rangi nyepesi inayotiririkia kwenye mifereji ya kisanamu na kuacha kivuli humo.

Maji matupu hayafai kwa kazi hii. Yanapenda kujikusanya, kwa hiyo kwenye bapa laini la kifua hayatandi, yanasimama matone. Na tone halikauki sawasawa. Ukingo hutangulia, maji ya katikati hukimbilia huko kujaza pengo, na yanapokimbia yanabeba chembe za rangi. Mwisho wa safari unabaki na pete nyeusi na kati peupe. Wewe ulitaka weusi uingie kwenye mifereji, umeuchora pale pasipo na mfereji wowote.

Kuna la pili ambalo watu hawataki kulisikia. Akriliki ni chembe za rangi zilizoshikwa na gundi. Ukizidisha maji gundi inakuwa haba, chembe zinakaa juu kama vumbi, ukipitisha kidole zinatoka. Halafu unalaumu praima, ile rangi ya msingi iliyo chini.

Woshi ya kweli ni gundi nyingi isiyo na rangi, chembe kidogo, na kitu cha kuyafanya maji yatande. Ile Nuln Oil, woshi nyeusi ya dukani ya kampuni ya Citadel, pamoja na jina lake, haina mafuta. Ni akriliki ya maji. Huna? Chukua mediamu ya akriliki, yaani ile gundi isiyo na rangi, maji kiasi hichohicho, nyeusi kidogo yenye kahawia ndani yake, na sabuni ya vyombo inayobaki kwenye ncha ya kijiti cha meno. Ncha, nasema. Ukizidisha unapata povu, na povu likikauka huacha vishimo.

Kisha iongoze. Usimwogeshe askari mzima. Peleka brashi kwenye viungio na chini ya misumari ya deraya. Dimbwi likijaa, linyonye kwa brashi nyingine yenye unyevu tu. Ikianza kuganda, mikono nyuma! Msimu wa mvua zetu, Novemba hadi Aprili, woshi huchelewa kukauka na dimbwi hupata muda wa kuhama, kwa hiyo mlaze askari upande unaotaka kivuli kikae. Praima ya kupuliza msimu huo siigusi kabisa. Hewa ikiwa nzito inatoka na ukungu. Natumia ya brashi.

Rangi ya fedha yenyewe haina hadithi ndefu: praima nyeusi, fedha mikono miwili myembamba. Mng'ao unatoka kwenye vipande vidogo vinavyolala bapa, ukivitia maji mengi vinatawanyika na chuma kinageuka kijivu. Kikombe cha kuoshea kiwe chake peke yake, la sivyo joho jekundu litametameta.

Brashi kavu, yaani kupangusa kingo kwa brashi yenye rangi kidogo mno ili zing'ae, nayo iwe kavu. Chovya fedha nyeupe zaidi, futa kwenye tambara mpaka uone hakuna kitu tena, hapo ndipo uanze. Kwenye deraya ya pete na kingo inapendeza mno. Kwenye bapa pana inaacha mikwaruzo ya chaki. Kanuni inasema woshi kwanza, brashi kavu baadaye. Kwenye bapa mimi mara nyingi nageuza, woshi nyepesi juu inaficha mikwaruzo. Vanishi sijaridhika nayo hata leo. Isiyong'aa inaua chuma, inayong'aa inamfanya askari aonekane kamwagiwa maji, na asiyepakwa huchubuka kwa jasho la vidole. Kwa sasa napaka nguo tu, chuma nakiacha wazi.

Na wale wa rangi ya aluminiamu ya dukani, ile ya kupaka mageti: ni ya mafuta, woshi ya maji itateleza juu yake, hasa ikiwa haijakauka kabisa. Kuiyeyusha kwa thina ya magari usithubutu juu ya kisanamu cha plastiki ya polistaireni. Thina hiyo haichagui rangi na plastiki; uso wa askari utalainika kabla deraya haijasafishika.