Maana ya mithridatizimu: kuuzoesha mwili sumu

Mithridatizimu ni desturi ya kuingiza sumu mwilini kwa kiasi kidogo mno, mara kwa mara na kwa kukiongeza polepole, ili mwili uizoee na hatimaye ustahimili kiasi ambacho kingemuua mtu mwingine. Neno hilo limetokana na jina la Mithridates wa Sita, mfalme wa Ponto, nchi iliyokuwa kwenye pwani ya kusini ya Bahari Nyeusi, katika Uturuki ya leo. Wasomaji wa Biblia wanalikumbuka jina la Ponto kwa sababu ya Akila, mshona mahema aliyefanya kazi pamoja na Paulo.

Hofu ya mfalme huyo haikuwa ya bure. Baba yake aliuawa kwa sumu karamuni, mjini Sinope, yapata mwaka 120 KK, wakati mwanawe angali mdogo, na utawala ukabaki mikononi mwa mama, Laodike. Mtoto aliyelelewa katika jumba la namna hiyo alikuwa na kila sababu ya kukiogopa kikombe. Plinius, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba Mithridates alikunywa sumu kila siku baada ya kutanguliza dawa za kuizuia, na kwamba katika dawa hizo alichanganya damu ya mabata wa Ponto, walioaminika kula vitu vyenye sumu bila kudhurika.

Hapa pana mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kuuzoesha mwili, na kutafuta dawa moja inayoshinda sumu zote. Hilo la pili halikuwa na msingi, lakini ndilo lililodumu. Warumi walipomshinda mfalme, Pompeius, jemadari wa Kirumi, aliagiza maandishi yake ya tiba yatafsiriwe kwa Kilatini. Baadaye Andromachus, tabibu wa Kaisari Nero, akaongeza nyama ya nyoka katika mchanganyiko wa dawa hiyo ya mfalme, na Wazungu wakaendelea kuununua kwa karne nyingi, hata baada ya daktari Mwingereza William Heberden kuupinga kwa maandishi mwaka 1745.

Lile la kwanza lina ukweli, ila si kwa kila sumu. Sumu ya nyoka kwa sehemu kubwa ni protini, na mwili unaweza kuitambua na kuitengenezea kingamwili, yaani protini za damuni zinazoishika sumu na kuizuia. Aseniki na pombe hazina kingamwili, lakini ini linaweza kuzoea kwa kiasi fulani kuzivunja au kuzibadilisha, ingawa madhara ya muda mrefu hubaki palepale. Madini ya risasi na zebaki, kwa upande wake, hujilimbikiza mwilini, kwa hiyo anayezimeza kidogo kidogo hajikingi hata kidogo, bali anajiua taratibu. Sianidi nayo huzizuia seli kutumia oksijeni, na kuionja kila siku hakumpi mtu kinga ya kutegemewa. Ndiyo maana naona ni hatari kubwa kulieleza neno hili kana kwamba ni kanuni moja inayofaa popote.

Kisa cha kifo cha mfalme huletwa mara nyingi kama ushahidi. Mwaka 63 KK, mwanawe Pharnakes alipomwasi huko Pantikapaioni, penye mji wa Kerch wa leo, Mithridates alitoa sumu aliyokuwa akiibeba pamoja na upanga wake. Appianus, mwanahistoria wa kale, anaeleza kwamba binti zake wawili, Mithridatis na Nyssa, waliomba kuinywa kwanza, wakafa mara moja. Baba akatembea kwa haraka ili sumu imwenee mwilini, lakini haikumuua, akamsihi askari wake Bituitus ammalizie kwa upanga. Mimi nasita kuuita huo ushahidi, kwa kuwa sumu iliyogawanywa kwa watu watatu huenda haikubaki ya kumtosha wa mwisho.

Ushahidi ulio imara zaidi unapatikana kwa farasi. Tangu miaka ya 1890, dawa ya sumu ya nyoka hutengenezwa kwa kuwadunga wanyama hao sumu kidogo kidogo, kisha kuchukua kingamwili kutoka katika damu yao na kumpa mtu aliyeumwa. Na watu wenye mzio mkali wa nyuki hutibiwa hospitalini kwa kudungwa sumu hiyohiyo ya nyuki, kwa kipimo kinachopandishwa polepole, chini ya macho ya daktari, kwa miaka kati ya mitatu na mitano.