PSA imeshuka. Haya, na saratani je?

Wiki hii tena. Mzee niliyemchoma upande mmoja wa tezi dume kwa HIFU kutibu saratani kaketi mbele yangu, karatasi ya maabara ya PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) mkononi, uso umejaa tabasamu: "Daktari, PSA ilikuwa 7, leo 1.4. Saratani kwisha!" Mwanawe keshautangazia ukoo mzima. Ikabidi mimi ndiye niharibu sherehe.

HIFU yenyewe haina siri: altrasaundi inakusanywa mahali padogo, joto linapita nyuzi 60, seli zinakufa. Tuendelee.

Ninachochoka nacho ni hiyo PSA. Tezi dume yote hutoa PSA, nzima na gonjwa. Ukichoma upande mmoja, umepunguza kiwanda, kwa hiyo PSA itashuka tu. Ingeshuka hata kama ningekosea shabaha na kuuacha uvimbe umetulia pembeni. Upande uliobaki nao unaendelea na kazi yake, na ukikua kwa uzee PSA inapanda bila saratani yoyote kurudi. Halafu watu huniletea vigezo vya kusema saratani imerudi: Phoenix, yaani kiwango cha chini kabisa cha PSA baada ya matibabu kujumlisha 2, au Stuttgart, kujumlisha 1.2. Cha kwanza kilitungwa kwa waliopigwa mionzi, cha pili kwa waliochomwa tezi nzima. Kumpimia navyo aliyechomwa nusu ni kumvika mtoto koti la babu yake. Ndiyo maana nadai picha za MRI na biopsia (kuchukua vipande vidogo vya tezi na kuvipima) baada ya mwaka hivi, hata PSA ikiwa ya kupendeza. Wananinunia. Sawa.

Takwimu nazo zisomwe taratibu. Mwaka 2018 utafiti wa Uingereza uliofuatilia wanaume 625 ulitoa 88% "bila kushindwa" kwa miaka 5. Kushindwa maana yake nini? Kuhitaji upasuaji, mionzi au dawa za mwili mzima, saratani kusambaa, au kifo kwa saratani hiyo. Aliyechomwa mara ya pili kwa HIFU hakuhesabiwa kuwa ameshindwa. Sioni aibu kurudia, ila mgonjwa aambiwe kabla hajasaini.

Na hili husemwa kwa kunong'ona: katika utafiti wa ProtecT, baada ya miaka 15 ni takriban 3% tu waliokufa kwa saratani hii, wawe walifuatiliwa tu, walipasuliwa au walipigwa mionzi. Basi mgonjwa wangu akiwa hai mwaka wa nane, nimemponya mimi, au saratani yake ilikuwa ya kukua polepole tangu mwanzo? Mara nyingi siwezi kuapa. Ninachokitetea bila kusita ni kwamba wengi wanabaki wakizuia mkojo wao vizuri, na nguvu za kiume huathirika kidogo kuliko baada ya upasuaji.

Mzee akaniuliza swali zuri: "Sasa kama haisemi kitu, mbona mnanitoa damu kila miezi mitatu?" Nikamwambia namba moja haisemi kitu, zikipanda mfululizo, tatu au nne, sitangoji tarehe ya MRI.