Vidonge vya Chuma na vya Kalsiamu: Kwa Nini Visimezwe kwa Pamoja

Mjamzito wa Ngamiani, hapa Tanga, akirudi kliniki na vidonge vya kuongeza damu, yaani vya chuma, pengine na vya kalsiamu pia, huvimeza vyote asubuhi kwa mkupuo mmoja na kushushia chai ya maziwa. Anafanya hivyo asije akasahau. Dawa hizo hazigeuki sumu zikikutana tumboni. Ila kalsiamu hupunguza kiasi cha chuma kinachofyonzwa na mwili, na hilo ndilo wataalamu huita mwingiliano wa virutubisho.

Chuma hufyonzwa hasa mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Hata pasipo na kizuizi chochote, sehemu kubwa ya kidonge hutoka na choo, ndiyo maana choo huwa cheusi, mama asitishike. Kalsiamu ikiwepo wakati huohuo, kinachoingia kwenye damu hupungua zaidi. Mwenye damu ya kutosha huenda asione tofauti, kwa kuwa mwili wake hujirekebisha. Mwenye upungufu wa damu anahitaji kila chembe. Inaniuma sana mama anapogombezwa kwamba hamezi dawa, kumbe anameza kila siku, ila saa za dawa zake zimegongana.

Asiache hata moja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate chuma halisi miligramu 30 hadi 60 kwa siku pamoja na asidi ya foliki. Pale ambapo chakula cha watu kina kalsiamu kidogo, linapendekeza pia gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu kwa siku, ili kupunguza hatari ya presha ya ujauzito inayoweza kufikia kifafa cha mimba. Hivyo ni viwango vya madini yenyewe, si uzito wa kidonge: kidonge cha chuma cha miligramu 200 cha aina ya sulfati kina chuma halisi kama miligramu 65 tu. Kiasi chako akupangie mkunga au daktari.

Bahati nzuri, dawa hizi zina tabia tofauti. Kalsiamu ya kaboneti hufyonzwa vizuri pamoja na chakula, na isizidi miligramu 500 kwa mara moja. Basi igawanywe na kumezwa na milo, kama wali wa mchana na chakula cha jioni. Chuma hupenda tumbo tupu: alfajiri, au kabla ya kulala, ukiwa umepita muda wa saa mbili au zaidi tangu kalsiamu. Kikileta kichefuchefu, kula kipande cha muhogo wa kuchemsha kwanza. Kimeze kwa maji au juisi ya machungwa, na sisi Tanga machungwa ya Muheza tunayo. Vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Chai na mahamri visubiri kama saa nzima, kwa sababu chai, hata ya rangi, nayo huzuia chuma.

Bibi anayetumia kalsiamu kwa ajili ya mifupa, au dawa ya tezi ya shingo, au antibiotiki kama doksisaiklini, amweleze mfamasia kabla ya kuongeza chuma, maana hizo pia huhitaji kuachanishwa.

Na vidonge vya chuma viwekwe juu, mbali na watoto. Mtoto mdogo akimeza vingi vinaweza kumuua. Ukishuku amemeza, mkimbize hospitali saa hiyohiyo, hata kama bado anacheza.