Oksitosini: je, kweli ni "homoni ya mapenzi"?

Oksitosini ni nini hasa?
Ni homoni fupi yenye amino asidi 9 tu. Hutengenezwa kwenye haipothalamasi, ndani ya ubongo, na kumwagwa kwenye damu kupitia tezi ya pituitari. Wakunga wanaijua fika: ndiyo sindano ya uniti 10 anayochomwa mama mara tu mtoto anapotoka, ili mji wa mimba ujikaze asivuje damu nyingi. Ndiyo pia inayoshusha maziwa mtoto anaponyonya.

Mapenzi yaliingiaje?
Kupitia vipanya vya nyika za Amerika Kaskazini, Microtus ochrogaster, ambavyo dume na jike hushikamana kwa muda mrefu. Maabara huvipima kwenye boksi la vyumba vitatu: mwenzi hufungwa upande mmoja, mgeni upande wa pili, na anayepimwa huachwa huru kwa saa 3. Kinachohesabiwa ni dakika anazokaa amejibanza kwa kila mmoja. Jike akipewa dawa inayoziba vipokezi vya oksitosini ubongoni (sehemu za seli ambako homoni hii hunasa ili ifanye kazi), hamchagui tena mwenzi wake. Hapo jina likapatikana.

Lakini mwaka 2023 watafiti wa California walichapisha habari za vipanya vilivyofutiwa kabisa jeni ya kipokezi hicho, na bado vilishikamana na wenzi wao! Huenda ubongo uliokua bila kipokezi hutafuta njia nyingine. Kwa vyovyote, homoni hii haifanyi kazi peke yake.

Na kwa binadamu?
Mwaka 2005, Zurich, wanaume waliopuliziwa uniti 24 puani waliwakabidhi wageni pesa nyingi zaidi katika mchezo wa kuaminiana. Jaribio kubwa zaidi la mwaka 2020 halikupata matokeo hayo. Tatizo mojawapo ni kwamba dawa ya puani hufika ubongoni kidogo sana. Nchini Marekani, watoto wenye usonji walioitumia kwa wiki 24 hawakuwazidi waliopewa dawa ya kulinganishia isiyo na homoni hiyo katika kuchangamana na watu.

Naweza kupima kiwango changu?
Namba utakayopewa haitakusaidia. Homoni hii huisha kwenye damu ndani ya dakika chache, hivyo sampuli huwekwa kwenye barafu papo hapo. Isiposafishwa kabla ya kipimo, protini nyingine huingilia na majibu hupanda mno.

Ninunue ya kupuliza mtandaoni?
Usinunue. Mjamzito ndiye asiiguse kabisa, maana inaweza kuukaza mji wa mimba kabla ya wakati.