"Reckless" si uzembe tu: neno linalowaponza madereva kizimbani

Malalamiko yanayofika kwenye kitengo chetu cha ukalimani wa mahakama yanafanana mno. Dereva anasomewa mashtaka, anasikia neno "uzembe", anainamisha kichwa kwa adabu na kujibu, "Ni kweli mheshimiwa, nilizembea kidogo." Hukumu ikishatolewa, jamaa zake wanakuja kuuliza kwa nini hakupewa nafasi ya kujitetea. Alipewa. Tatizo lilianzia kwenye neno alilolikubali, na sehemu ya lawama ni yetu wakalimani, kwa kuwa neno la Kiingereza lililo kwenye shtaka, "reckless", tumelizoea kulitafsiri kwa mkato kuwa "uzembe".

Kiingereza cha zamani kina kitenzi "reck", yaani kujali au kutilia maanani. Kiambishi "-less" huondoa kile kinachotajwa. Basi "reckless" ni yule asiyejali. Neno hili halina undugu na "wreck", chombo kilichovunjika, ingawa barua nyingi tunazoletewa huandika "wreckless", kana kwamba mashtaka yanahusu ubovu wa gari. Kwa Kiswahili usemi ulio karibu zaidi ni liwalo na liwe: mtu ameiona hatari, ameielewa, akaendelea. "Careless" ni habari nyingine. Huyo hakuiona hatari ambayo mtu makini angeiona, na huo ndio uzembe hasa.

Chukua mteremko wa Salgaa, katika barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Dereva wa lori anaijua sifa ya mahali hapo, lakini anatoa gari gia ili lishuke lenyewe, aokoe dizeli. Huyo tunasema amefanya kwa kutojali hatari. Mwingine anarudi nyuma mtaani bila kutazama kioo cha pembeni, anaangusha kibanda cha mama mboga. Amezembea. Wote wawili wamekosa, ila hawakukosa kosa moja.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inawatenganisha. Kifungu cha 49 kinamhusu aendeshaye bila uangalifu unaostahili au bila kuwafikiria wengine barabarani. Kifungu cha 47 kinamhusu aendeshaye kwa kutojali, au kwa kasi au namna iliyo hatari kwa umma. Mtu akifa kutokana na uendeshaji wa namna hiyo, linaingia kifungu cha 46: kifungo kisichozidi miaka 10, leseni kufutwa, na marufuku ya kuwa na leseni kwa miaka 3. Miaka hiyo 3 huhesabiwa tangu siku ya kutiwa hatiani au tangu kifungo kinapomalizika, ipi iliyo ya baadaye. Hili watu hawalijui kabisa. Wanadhani marufuku inakwisha wakiwa bado gerezani.

Litazameni pia neno "au" katika "kwa kutojali, au kwa kasi au namna iliyo hatari". Upande wa mashtaka haulazimiki kuthibitisha kwamba dereva hakujali, ikiwa uendeshaji wenyewe ulikuwa hatari kwa kuzingatia hali ya barabara na magari yaliyokuwepo. Kwa hiyo jibu la "sikukusudia", tunalolisikia kila wiki, halimsaidii mtu. Hakuna aliyesema ulikusudia! Ungekusudia kuua, ungekuwa unajibu shtaka la mauaji katika Mahakama Kuu.

Waingereza wenyewe neno hili limewasumbua. Katika kesi ya Cunningham ya mwaka 1957, mtu aling'oa mita ya gesi ili aibe pesa zilizokuwamo, gesi ikapenya hadi nyumba ya jirani na kumdhuru mwanamke aliyekuwa amelala. Mahakama ya rufaa ilisisitiza kuwa ni lazima mshtakiwa awe aliiona hatari yeye mwenyewe. Miaka ya 1980 msimamo ukalegezwa, ikatosha hatari hiyo kuwa wazi kwa mtu wa kawaida; mwaka 2003 ukarudishwa. Kwa upande wa barabara hawakungoja: sheria yao ya mwaka 1991 iliweka "dangerous", yaani hatari, mahali pa "reckless". Sisi tunalo bado.

Sasa utaratibu. Kwa mujibu wa kifungu cha 207 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, mshtakiwa huelezwa kiini cha shtaka na kuulizwa kama anakubali. Tangu uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri, mwaka 1973, hatua zinajulikana: shtaka na kila kiungo chake huelezwa kwa lugha anayoielewa, jibu lake huandikwa, kwa maneno yake mwenyewe inapowezekana, kisha upande wa mashtaka husoma maelezo ya tukio, kisha yeye hupewa nafasi ya kuyapinga au kuongeza jambo. Akiyapinga, hakimu huandika kuwa amekana. Hapo kwenye maelezo ndipo pa kusema "breki zilishika vizuri" au "sikuwa kwenye kasi hiyo". Wengi hunyamaza, wakidhani kusema ni utovu wa adabu.

Kunyamaza huko kuna gharama. Kifungu cha 348 cha sheria hiyohiyo ya mwenendo wa jinai hakimruhusu aliyekiri kosa mbele ya hakimu kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani. Hubaki na ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Majaji huingilia kati pale kukiri kulipokuwa na utata, lakini hilo ni jambo la kuthibitishwa, na siku za kukata rufaa ni 14. Kitengo hakitoi ushauri wa kisheria, kwa hiyo mwenye kesi amwone wakili mapema.

Mkalimani ni haki chini ya ibara ya 50 ya Katiba, tena bila malipo. Ukisikia "uzembe" katika shtaka la kifungu cha 46 au 47, inua mkono, uliza ni kifungu gani, na uombe shtaka lisomwe upya neno kwa neno. Omba pia swali lako liandikwe katika kumbukumbu za kesi, kwa sababu hizo ndizo jaji wa rufaa atakazozisoma.