Duisburg: mji wa mito miwili na mipaka iliyosogezwa

Duisburg uko magharibi mwa Ujerumani, jimbo la Nordrhein-Westfalen, pale mto Ruhr unapoingia Rhine. Eneo lake ni takribani kilomita za mraba 233, wilaya 7. Rheinhausen, Homberg na Baerl ziko magharibi mwa Rhine. Katikati ya mji na viwanda vikubwa vya chuma viko mashariki.

Wakazi ni kama nusu milioni. Ukilinganisha miaka, angalia mipaka kwanza. Tarehe 1 Januari 1975 Walsum, Homberg, Rheinhausen, Baerl na Rumeln-Kaldenhausen ziliunganishwa na Duisburg, idadi ikafika karibu 590,000. Hakuna aliyehama, mpaka ndio uliosogea. Hamborn nayo iliunganishwa hivyo hivyo mwaka 1929. Kushuka kulikofuata, hata hivyo, ni kwa kweli: kiwanda cha chuma cha Rheinhausen kilifungwa 1993, na mgodi wa makaa wa Walsum 2008. Bila wahamiaji idadi ingeporomoka zaidi. Waturuki walianza kuajiriwa kwa mkataba wa 1961 kati ya Ujerumani na Uturuki. Miaka ya karibuni wamekuja Wabulgaria, Waromania na Wasyria.

Jambo la ajabu zaidi liko bandarini Ruhrort. Bahari iko mbali, zaidi ya kilomita 200 kwa njia ya mto, lakini hii ndiyo bandari kubwa kuliko zote za mtoni barani Ulaya. Rhine ilikuwa inachimba sakafu yake yenyewe, uso wa maji ukishuka, na mabeseni ya bandari, yaani sehemu za maji ambamo meli hutia nanga, yakabaki juu, hayana kina cha kutosha kwa meli. Katika miaka ya 1950 na 1960 wahandisi wakachimba makaa chini ya bandari kwa mpango maalumu, ili ardhi izame taratibu na kwa usawa pamoja na kuta na gati zake. Kwingineko bondeni Ruhr kuzama huko ni balaa: nyumba hupasuka, mifereji hupoteza mteremko, na maji lazima yasukumwe kwa pampu siku zote.

Wakati wa kiangazi, usidhani namba ya kipimo cha maji ni kina cha mto. Sifuri yake haiko kwenye sakafu ya mto, hivyo kina halisi katika njia ya meli huwa kikubwa zaidi. Kipimo kikishuka meli hupunguza shehena, na tani zile zile za madini ya chuma kutoka Rotterdam, bandari ya bahari ya Uholanzi, huhitaji safari nyingi zaidi.