Simu za Nextel zinazoongea bila mnara: kule Marekani sawa, huku nyumbani hapana

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili aliingia maabara ameshika soksi, ndani ya soksi kuna simu mbili nene nzito zenye kitufe ubavuni, mjomba wake kamtumia kutoka Texas kupitia mtu aliyekuwa anakuja likizo. Akaniambia mwalimu hizi hazitaki bando wala vocha wala mnara, unabonyeza tu hapa unaongea na mwenzako, nataka nikawape walinzi wa shamba la baba. Nikamwambia kijana wangu, kabla hujabonyeza chochote toa betri kwanza, vuta kiti tukae.

Nafundisha mawasiliano ya redio na swali hili, kama simu hizi za Nextel zinaweza kutumika huku kwetu, limenijia mara nyingi kiasi kwamba naona bora niliandike lisomwe na wote. Kwenye magrupu ya familia inazunguka video fupi ya simu hizi, jamaa yuko msituni anabonyeza, mwenzake anajibu, chini wameandika hakuna malipo ya mwezi. Na ni kweli, hawadanganyi. Ila wameeleza nusu tu, na ile nusu iliyobaki ndiyo inayotuhusu sisi tulioko Afrika.

Tuanze na simu zenyewe. Nextel ilikuwa kampuni ya simu ya Marekani iliyopata umaarufu miaka ya 90 kwa mtandao wa iDEN uliotengenezwa na Motorola. Simu zake zilikuwa simu na hapohapo redio kol, unabonyeza kitufe inalia bip ya haraka kama ndege, unaongea, unaachia, mwenzako anajibu. Mafundi wa ujenzi, madereva wa malori, watu wa zimamoto, wote walizipenda maana hakuna kusubiri simu iite. Mwaka 2005 Sprint ikainunua Nextel, na tarehe 30 Juni 2013 mtandao wa iDEN ukazimwa moja kwa moja. Kanada walifuata mwaka 2016. Ndiyo maana leo zimejaa kwenye madroo ya watu na kwenye maduka ya mtandaoni kwa bei ya kutupa.

Sasa kile kitufe cha kawaida kilikuwa kinapita kwenye minara ya Nextel, mnara ukifa na chenyewe kimekufa. Lakini kuanzia katikati ya miaka ya 2000 baadhi ya modeli ziliongezewa kitu kingine ndani, kinaitwa Direct Talk, kwingine utakikuta kwenye menyu kimeandikwa MOTOtalk. Hicho hakipiti mnara wowote, simu inarusha mawimbi yenyewe na simu ya pili inayadaka yenyewe, simu ya upepo halisi. Modeli kama i325, i355, i365, i560 na i580 zinacho, za zamani zaidi kama i530 na i730 hazina, kwa hiyo anayekuuzia Nextel yoyote ile akikwambia zote zinafanya hivyo anakuuzia jiwe.

Hapa nisimame kidogo maana watu wanachanganya sana. Siku hizi zinauzwa redio kol za laini, unaweka laini ya simu ndani, muuzaji anakwambia inafika nchi nzima. Inafika kweli, kwa sababu inatumia intaneti ya mtandao wa simu, mnara ukikatika na yenyewe inanyamaza. Zello, programu ya kuongea kama redio kol kwenye simu ya kawaida, nayo ni hivyohivyo. Mwaka 2017 kimbunga Irma kilipokuwa kinaelekea Florida watu waliipakua kwa wingi sana kwa sababu ilisambaa habari kwamba inafanya kazi bila intaneti, mpaka wenye programu ikabidi wajitokeze waseme jamani hapana, inahitaji intaneti. Direct Talk ni kitu tofauti kabisa, haihitaji intaneti wala mtandao, ila umbali wake ni wa karibu. Enzi zile walitangaza inafika maili 6, kama kilomita 9 na nusu hivi, hiyo ni kwenye uwanda mtupu mnaonana. Mjini penye majengo hesabu kilomita moja au pungufu, na ukiingia ghorofa ya chini ya zege usishangae ukimkosa mtu aliye mtaa wa pili.

Inavyofanya kazi ndani ni jambo zuri na mimi nalipenda kulifundisha. Redio kol ya kawaida inakaa kwenye masafa mamoja tu, yaani frikwensi moja ya mawimbi, ukiyapata umewasikia. Hii haikai, inarukaruka. Inatumia kipande cha masafa kuanzia megahezi 902 hadi 928, na ndani ya kipande hicho inahama kutoka sehemu moja kwenda nyingine mara nyingi kila sekunde. Chukulia watu wawili wanaovuka mto kwa kurukia mawe, wamepatana tangu ng'ambo kwamba tunaanza hili, kisha lile, kisha lile la kule, wakienda pamoja hawapotezani, asiyejua mpangilio anamwona mtu kwenye jiwe akigeuka hayupo. Sauti yenyewe imegeuzwa kuwa ya kidijitali, kwa hiyo mwenye redio ya kawaida hasikii kitu cha maana. Lakini usidhani ni siri. Kuna chaneli 10 na misimbo 15, mwenye simu kama yako akiweka chaneli yako na msimbo wako anakusikia vizuri kabisa, tena ipo sehemu ya kupokea misimbo yote ya chaneli hiyo kwa pamoja. Usitaje namba ya siri ya benki humo.

Ndugu zangu mlioko Marekani, ninyi tumieni bila wasiwasi. Kule kipande hicho cha 902 hadi 928 kiko wazi kwa vifaa vidogo vya kurukaruka vyenye nguvu isiyozidi wati 1, hakuna leseni, na simu hizi zinarusha karibu wati 0.9. Kwa msafara wa magari mawili matatu, kwa kambi, kwa waongoza magari kwenye shughuli ya kanisa au msiba, ni chombo kizuri na hakina kelele za watoto wa mtaa kama zile redio za dukani. Unaponunua nunua mbili za aina moja na hakikisha kila moja ina laini ya iDEN ndani hata kama imekufa zamani, maana bila laini simu nyingi zinagoma kuingia Direct Talk, na laini ya mitandao ya leo haitasaidia hata ikiingia vizuri kwenye tundu. Ingia kwenye menyu, chagua Direct Talk, wekeni chaneli moja na msimbo mmoja, bonyeza, subiri kidogo mlio ndipo uanze kuongea, ukiwahi maneno yako ya kwanza yanaliwa. Shika simu wima, antena juu, usiifunike na kiganja. Betri za zamani ziangalie sana, iliyovimba usichaji, mpelekee mtu wa taka za umeme. Na jambo la uhai: simu hii haiwezi kupiga 911, namba ya dharura ya huko, mtandao wake haupo tena, simu yako ya kawaida ibaki mfukoni.

Sasa tuje huku kwetu. Dunia kwa mambo ya masafa imegawanywa kanda tatu na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, Amerika zote ni kanda ya 2, Afrika na Ulaya ni kanda ya 1. Kile kipande kilichoachwa wazi kule, huku kina wenyewe. Mitandao ya simu ya Afrika Mashariki inatumia bendi ya 900, ambayo simu yako inaongea kwenda mnarani kati ya megahezi 880 na 915, na mnara unakujibu kati ya 925 na 960. Pigeni hesabu pamoja na mimi. Direct Talk inatembea kutoka 902 hadi 928, jumla megahezi 26. Kati ya hizo, 13 zimeangukia moja kwa moja pale simu zetu zinapoongea na mnara, na nyingine 3 pale mnara unapojibu. Yaani zaidi ya nusu ya uwanja wake ni uwanja wa watu.

Tumezoea kuuona mnara kama kitu cha kutoa netiweki, tunasahau kwamba una masikio, na masikio yake ni makali mno. Unasikia simu iliyo kilomita nyingi ambayo mawimbi yake yakifika pale yamebaki chini ya sehemu moja ya bilioni ya milliwati. Halafu wewe uko mita mia mbili na kitu chako cha karibu wati nzima unapiga kelele masikioni pale. Mnara hauzimiki, sisemi hivyo, na kwa kuwa inarukaruka kelele inakuja vipandevipande. Aliye karibu na mnara pengine asijue kitu. Anayeumia ni yule wa mbali, yule mama wa kijiji cha pembeni huko Kilosa anayepanda kichuguu kilekile kila siku kwa sababu ndipo panaposhika, anapiga *150*00# ya M-Pesa amtumie mtoto ada, inazunguka inagoma, anarudia, inagoma, anasema leo mtandao mbovu. Hatajua kamwe ni walinzi wa shamba wanasalimiana.

Wamarekani wenyewe wameonja jambo hili. Mtandao huohuo wa Nextel ulikuwa unapakana na masafa ya polisi na zimamoto kwenye bendi ya 800, askari akiwa karibu na mnara wa Nextel redio yake haiwasikii wenzake. Mwaka 2004 tume yao ya mawasiliano, FCC, iliamuru masafa yapangwe upya nchi nzima, kazi iliyochukua miaka mingi na mabilioni ya dola.

Yule kijana nilitaka aone kwa macho yake. Tuliweka simu ndani ya sanduku la chuma la kupimia, lile lisiloruhusu mawimbi kutoka, tukafunga raba kwenye kitufe kibaki kimebonyezwa, tukafunga mlango tukaangalia skrini. Vijiti vikaanza kuchomoka huku na huku, kimoja 904, kingine 921, kingine 911, hakuna kinachokaa. Nikachora mstari mwekundu kwenye 915 nikamwambia kila kijiti kilicho kushoto ya huu mstari kiko ndani ya simu ya mtu. Alikaa kimya akihesabu kwa mdomo. Baadaye akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kwa hiyo ningekuwa nawakatia simu watu wa kwetu?"

Kisheria nalo liko wazi. Tanzania tuna Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, kifaa cha kurusha mawimbi lazima kiwe kimeidhinishwa na TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, na masafa yawe ya halali, Kenya mamlaka yao ya mawasiliano nayo inataka kifaa kiidhinishwe. Kwa mwenye shamba, hoteli au kampuni ya utalii njia ipo, madereva wa watalii wanaitumia kila siku mbugani: nenda kwa muuzaji wa redio za VHF, zinazotumia masafa ya chini zaidi, zilizoidhinishwa, omba masafa yako, lipia leseni. VHF tena inapita vizuri zaidi porini na kwenye miinuko kuliko hii ya 900. Baba wa yule kijana amefanya hivyo, walinzi wake wanne wana redio zao na jina la shamba liko kwenye leseni.

Zile mbili za kwenye soksi ziko kabatini kwangu, betri nimetoa nikaweka pembeni, nazitoa siku ya somo la kurukaruka kwa masafa na zinaingia kwenye sanduku la chuma tu. Wewe kama umeshaletewa, toa betri, na mtu wa kwenu akirudi Marekani mpe arudi nazo.